Mvua Niliyoiruka

Ndahani ndugu yangu,

Sikuulizi hali. Uliwahi kuniambia kwamba anayemjulia hali mtu asiyeweza kujibu anajisalimia mwenyewe, na kwa kuwa sikupata hoja ya kukupinga siku ile, nauheshimu ushindi wako hata leo. Naingia kwenye jambo lenyewe. Kuna kitu kimoja kuhusu mama yako ambacho hukukijua mpaka unakufa. Mimi nimekijua juzi, mbele ya watu wote, siku ya kuanua tanga lako. Si haki mimi nikijue nawe usikijue, kwa maana hadithi ni yako. Lakini utanivumilia nikifikishe kwa utaratibu wake. Bado naamini kwamba tukio likitolewa kabla ya wakati wake hugeuka kuwa taarifa, na bado najua ungebisha.

Chumba chetu cha Chang'ombe nimekibakiza. Mwenye nyumba ameniletea mwenzangu mpya wa chumba, kijana wa uhasibu, mtu mwema, ila ana tabia ya kuacha ndoo katikati ya mlango. Nilimgombeza mara tatu kwa ajili ya ndoo hiyo, kwa ukali ambao yeye hakuuelewa. Mara ya tatu ndipo nilipokumbuka kwamba hakuna tena mtu wa kuikwaa. Kijana wa watu aliniomba radhi, nami nikashindwa kumweleza kwamba radhi ile haikuwa yake kuiomba.

Kazi nimepata. Nafundisha fasihi kidato cha tatu, katika shule moja ya binafsi isiyo mbali na hapa. Wiki ya kwanza niliandika ubaoni kwa mwandiko wangu mzuri: msuko, wahusika, mandhari, mtazamo, mgogoro, dhamira. Nikaeleza kila kimoja kwa sentensi moja iliyonyooka kama reli. Wanafunzi wakanakili. Binti mmoja wa dawati la mbele, Rehema, akanyoosha mkono na kuuliza, "Mwalimu, mandhari huwa inatoka kwenye mtihani?" Nikamjibu kwamba hutoka mara chache. Nilipogeuka kufuta ubao nilikusikia ukicheka, kile kicheko chako cha puani, na chaki ikanidondoka.

Ulikuwa na haki ya kucheka.

Utakumbuka mwaka wetu wa kwanza chuoni. Wewe ulitoka Gulwe kwa njia ya shule ya wasioona ya Buigiri, ambako vidole vyako vilijifunza kusoma nukta nundu. Mimi nilitoka Kondoa na sanduku la vitabu, na imani kwamba bado hajazaliwa wa kunishinda kwa hoja. Nakala za nukta nundu za vitabu vya kozi zilikuwa zikichelewa mpaka mtihani unapita. Tukapatana: mimi nitakusomea kwa sauti, wewe utapika. Watu walioshangaa kwamba asiyeona ndiye mpishi walikuwa hawajaonja ugali wangu. Ulikoroga mlenda ukinisikiliza, na mlenda ulipoiva ulisema, "Weka kidole," nami niliweka kidole changu kweli juu ya mstari tuliofika, ingawa kalamu ya kuwekea alama ilikuwa mfukoni.

Nami niliruka. Nilikwisha kukiri kwako, nakiri tena kwa maandishi. Kila nilipofika kwenye aya ya mawingu, ya rangi ya vilima, ya mwanga ukutani, nilirukia aya inayofuata, na nilikuwa fundi wa kuunga sauti hata mshono usisikike. Haukuwa uvivu mtupu. Nilikuwa na nadharia: mandhari ni pambo la macho, na kwa asiyeona ni mzigo, nimwokolee mwenzangu muda. Miezi mingi, Ndahani, nilikuokolea muda.

Kisha ikaja nakala ya nukta nundu ya ile hadithi ya mzee aliyekufa peke yake kwenye nyumba ya bati. Ulikaa nayo tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Ulinikuta uani ninafua.

"Kumbe kulikuwa na mvua," ulisema.

Nikauliza mvua gani.

"Juu ya bati. Mzee anaita watoto wake, na hawamsikii kwa sababu ya mvua. Wewe ulinisomea kwamba aliita na hawakuja. Profesa, nimewachukia watoto wa watu bure tangu Pasaka."

Nilijitetea, kama kawaida yangu. Nilisema sikutaka kukuchosha na vitu vya kuonekana. Hapo ulitafuta ndoo yangu kwa mguu, ukaigeuza, ukaikalia kama hakimu, na kuniuliza swali ambalo sijalipatia jibu mpaka leo: "Kwani wewe uliiona mvua hiyo? Ilikulowesha? Sote wawili tuliambiwa. Kwenye hadithi hakuna mwenye macho."

Tangu siku ile ukanifunga kwa sheria ya maneno mawili: usiruke, usiongeze. Niliishika, ingawa sikuacha kubishana. Tulibishana juu ya wahusika: mimi nikitaka sifa zao za ndani na nje, wewe ukishikilia kwamba mhusika ni yule ambaye akitoka, chumba kinabadilika sauti. Tulibishana juu ya dhamira. Nilikuwa na desturi ya kuitangaza nikifika ukurasa wa mwisho, nawe ukanikanya kwamba dhamira haipigi hodi; ukishtuka utakuta imekwisha kukaa. Jambo moja tu sikukubali kulilegeza. Nilisema hadithi isiyo na kilele ni mazungumzo ya watu wanaosubiri gari. Ukasema, "Labda kilele kimo ndani ya anayesubiri." Nikakuita mvivu wa kufikiri. Ulicheka, ukaongeza chumvi kwenye mlenda wangu kwa makusudi.

Kisha figo. Sitaandika kuhusu figo.

Ndugu zako walinichagua nisome wasifu wako kabla ya mazishi, kwa sababu nina sauti na shahada. Nilisimama kwenye uwanja wenu kule Gulwe, nimevaa koti, nikasoma: alizaliwa, alisoma, alihitimu, aliugua, alifariki. Ukurasa mmoja. Watu walinisifu. Lakini mama yako, baada ya waombolezaji kupungua, alinijia na kuniambia kwa Kiswahili chake cha polepole, kile anachokipima kabla hajakitoa: "Mwanangu, miaka yake nimeisikia. Yeye sijamsikia."

Nilielewa papo hapo nilichokifanya. Nilikuwa nimekuzika kwa msuko mtupu. Sikutaja mlenda, wala ndoo, wala namna ulivyogeuza shingo kulisikiliza treni la mizigo mpaka behewa la mwisho. Baada ya miaka mitatu ya kuonywa, nilikuwa nimeiruka tena mvua, safari hii mbele ya jeneza lako.

Mama yako aliingia ndani, akatoka na kiroba kilichokunjwa vizuri. Ndani yake mlikuwa na karatasi nene tisa za nukta nundu. "Haya ni ya mkono wake," alisema. "Hapa nyumbani hakuna wa kuyasoma. Siku ya kuanua tanga, utatusomea wewe." Nikasema ndiyo, mama. Unanijua: nilisema ndiyo kwanza, nikafikiri baadaye. Herufi za nukta ulizonifundisha nilizijua kwa mzaha tu, za kuandika jina langu na matusi mawili.

Nilikuwa na siku arobaini. Kila Jumamosi nilikwenda Buigiri kwa Mwalimu Chilongani, yule mzee mstaafu asiyeona uliyekuwa ukimsifu kwa ukali wake. Nilipomwamkia shikamoo, aliitikia marahaba na kuuliza nina shahada ya nini. Nikamjibu ya fasihi. "Basi utakuwa mgumu kufundishika," alisema. Alinipa ukurasa, nikaanza, na baada ya mistari miwili akanipiga konzi la mkono. "Unachungulia." Nikamuuliza amejuaje. "Vidole vyako vimenyamaza. Anayesoma kwa vidole husikika akikwaruza; wewe umekaa kimya kama mwizi wa kuku." Akaniamuru nifumbe macho. Nilitoka pale nikiwa na umri wa miaka sita. Jumamosi ya tatu nilisoma neno zima bila kukosea, naye akasema, "Hongera, msomi, sasa unaweza kuingia darasa la kwanza." Sijawahi kuthamini shahada yoyote kama maneno yale.

Ndivyo nilivyoisoma hadithi yako, nukta kwa nukta. Uliipa jina la neno moja, "Uwele". Ni mwaka ambao mvua imekata. Mtoto asiyeona anaamka kabla ya mama yake, anatoka akifuata harufu ya vumbi la shambani, anapapasa uwele. Majani yamejikunja, yanavunjika vidoleni kama maganda ya karanga. Mabua hayamfiki magotini. Anarudi, anajilaza. Baadaye mama anarudi kutoka shamba, anakaa kizingitini, anamwambia: "Uwele wetu mwaka huu umenifika mabegani. Umesimama kama askari. Unaona?" Na mtoto anajibu: "Naona, mama."

Hapo karatasi ya tisa inakwisha.

Nilitafuta karatasi ya kumi. Nilikung'uta kiroba. Nikampigia simu mama yako kumuuliza kama hakuna nyingine iliyobaki chini ya kitanda, akasema hakuna. Nikahitimisha, kwa ujasiri wa mtu aliyefaulu vizuri, kwamba mauti yalikukatiza kabla ya kilele.

Sasa nisikilize, kwa maana hapa ndipo nilipotaka kukukosea mara ya tatu. Nilikuwa na hofu ya kweli. Hukumtaja mtu kwa jina, lakini Gulwe nzima inamjua mama mmoja tu aliyelea mtoto asiyeona. Ningeisoma hadithi kama ilivyo, mama yako angesikia mbele ya majirani na wakwe kwamba alimdanganya mwanawe, na kwamba mwanawe alijua akanyamaza mpaka kaburini. Je, huo ndio wosia wa kumpelekea mama aliyefiwa? Nikaketi nikaandika mwisho. Kurasa tatu za wino. Mtoto anamwambia mama kwamba alikwenda shambani; mama analia na kuomba msamaha; mtoto anasamehe; na mara wingu linapasuka. Ndiyo, nilileta mvua. Niliona nimewafaa wote: mama anasamehewa hadharani, wewe unapata kilele, na mimi nalipa ile mvua niliyokudhulumu. Zilikuwa kurasa nzuri, Ndahani. Nasema bila haya, sentensi zake zilikuwa bora kuliko zako. Nilizipanga chini ya karatasi yako ya tisa, nikasafiri nazo.

Siku yenyewe, baada ya ibada, tuliketi kwenye kivuli cha turubai. Mama yako aliniamkua kwa Kigogo, "Mbukwa," nami nikaitikia vibaya, wanawake wakacheka, na ile pumzi nzito ya msiba ikapungua. Baba yako mdogo alitaka kujua kwa nini mtu mwenye macho mawili mazima anasoma ameyafumba. Nikasema ndivyo nilivyofundishwa. "Shule za siku hizi," akasema.

Nilisoma. Sikuruka. Vumbi lilikuwepo, majani yalivunjika, treni la asubuhi lilipita kwenye aya yake na watu wa Gulwe wakaguna, kwa kuwa ulilipatia mlio wake. Nilifika kizingitini. Nikasoma, "Unaona?" Nikasoma, "Naona, mama." Nikaisukuma karatasi ya tisa pembeni, nikaweka kidole kwenye inayofuata.

Kidole kiliteleza. Karatasi ilikuwa laini, haina nukta hata moja. Nilipapasa juu mpaka chini kama mjinga, nikitafuta kurasa zangu tatu nzuri, na kwa kidole hazikuwepo. Ili nizisome ningelazimika kufumbua macho. Nilikaa hivyo, kidole juu ya karatasi isiyosema kitu, nikajua kwamba wewe, kama ungekuwa umeketi mahali pangu, ungesema hadithi imekwisha.

Baba yako mdogo akauliza, "Halafu?"

Nikasema umeishia hapo.

"Hadithi gani hii? Shahada mbili za chuo kikuu zimeshindwa kumaliza habari ya shamba moja?"

Mimi, Ndahani, nilikosa jibu, na wapo mashahidi. Nilifumbua macho nimtazame mama yako, nikiwa tayari kwa lolote: machozi, hasira, kuondoka. Alikuwa ameinama anakunja ncha ya khanga yake. Akasema, kana kwamba anamjibu mtu aliyemuuliza kama chumvi imekwisha:

"Nilijua kwamba anajua."

Akaiachia ncha ya khanga, akaendelea.

"Asubuhi ile nilikwenda shambani, nikakuta nyayo zake. Zimeingia mpaka katikati ya mistari. Pale alipopapasa, majani yamemwagika chini. Nikazifuta kwa mguu, unyayo mmoja mmoja, mpaka mlangoni, baba yake asizione akamuuliza, mtoto akalazimika kusema. Kisha nikakaa kizingitini nikamwambia uwele umefika mabegani. Akaniambia anaona. Nikasema moyoni: haya, huyu amekua."

Ndicho kitu hicho. Ndicho ninachokuandikia.

Ulidhani ulimficha. Ulibeba siri ile miaka yote ukiamini kwamba wewe peke yako ndiwe uliyekuwa ukimlinda, na yeye alikuwa amekutangulia, akitembea nyuma ya nyayo zako, akizifuta kwa mguu wake. Mlidanganyana kwa makubaliano, pasipo mmoja wenu kuyatamka. Baba yako mdogo alishika kichwa, akasema, "Shemeji, ninyi wawili mlikuwa mnatuchezea wote," na mama yako akacheka. Alicheka kwa puani, Ndahani. Nilikuwa sijui kwamba kicheko kile ulikirithi.

Kurasa zangu tatu nilimpa shangazi yako aliyekuwa akihangaika na jiko la chai. Zilikuwa kavu, zilishika moto upesi.

Sasa kuhusu hoja, kwa maana hukudhani ningekuacha uende hivihivi. Nakubali kwamba hadithi yako ilikuwa imekamilika. Nakubali kwamba kilele chaweza kukaa ndani ya msikilizaji kikingoja. Lakini mgogoro ulikuwemo, tena mkali kuliko wa kurasa zangu: watu wawili wanaopendana, wamesimama juu ya ukweli mmoja, kila mmoja akiukanyaga ili mwenzake asiuone. Bila mgogoro huo "Naona, mama" lingekuwa jibu la kawaida la mtoto. Kwa hili nimeshinda. Huwezi kunijibu, na nimegundua kwamba ushindi wa namna hiyo hauna ladha.

Tena nilijiuliza kama nyayo zile niziingize kwenye hadithi. Nimekataa. Hadithi inasimuliwa kutoka kwa mtoto, na mtoto hakuweza kuzijua, mtazamo ungepasuka. Nyayo ni za mama yako. Nakuletea wewe tu, hapa.

Jumatatu niliingia darasani, nikafuta orodha yangu ubaoni, nikawasomea "Uwele". Kisha Rehema akauliza, "Mwalimu, mama alikuwa anajua?" Nikamwuliza yeye anasemaje. Akafikiri, akasema, "Alijua. Asingejua, asingemuuliza asiyeona kama anaona." Binti wa kidato cha tatu, Ndahani, alifika kwa kusikiliza mara moja pale nilipofika mimi kwa msiba. Nilimwambia amekosea kuuliza kama mandhari hutoka kwenye mtihani; na kwamba mimi nilikosea zaidi kwa kumjibu. Akataka kujua mwandishi ni nani. Nikamwambia ni rafiki yangu, mpishi.

Ahadi yangu kwako ni ile ile uliyonifunga nayo, sasa naivaa kwa hiari. Naandika nakala ya wino kwa ajili ya mama yako, apate kumpa yeyote mwenye macho amsomee jioni akitaka kukusikia, na nyingine ya nukta nundu ambayo Mwalimu Chilongani ameahidi kuisahihisha kwa ukatili. Kila neno litakuwa lako. Darasani kwangu, hakuna atakayeruka mvua, hata kama mtihani hauitaki.

Nenda salama, ndugu yangu, ulale bila kero kwenye ardhi yenu kavu unayoijua kwa vidole. Ukikutana na yule mzee wa nyumba ya bati, mwambie watoto wake hawakusikia. Hapa nilipo, mkono wangu wa kushoto uko juu ya karatasi ya tisa. Nimeweka kidole pale ulipoishia, na sitakisogeza.

Mimi,
Profesa wako